Mstari Mmoja Uliokosekana Kwenye Fomu

Kwa miaka ishirini na sita nilijaza fomu ileile ya ukurasa mmoja. Juu ni jina la kisima, kina chake, tarehe na jina la aliyechota. Chini yake ni safu moja ndefu: rangi, harufu, uasidi, chumvi, chuma, manganizi, ugumu, floridi, nitreti, na mwisho kabisa vijidudu vya kinyesi. Nikimaliza napiga muhuri, mkubwa wangu anatia saini, na wenye kisima wanapewa cheti chao. Sasa nimestaafu, nimerudi nyumbani Mumias, na nakala za kaboni za fomu hizo ziko ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda changu. Mwezi uliopita nilizitoa zote nikazipitia mojamoja, nikitafuta mstari ambao tayari nilijua sitaupata.

Hakuna fomu hata moja iliyouliza kama maji yale yana mionzi.

Ukitaja mionzi, watu hufikiria bomu, au mpango wa mtambo wa nyuklia uliowafanya wakazi wa Uyombo, Kilifi, waandamane mwaka 2024. Mimi nazungumzia kitu cha zamani kuliko hayo yote. Miamba tunayoikanyaga ina urani na thoriamu tangu dunia iumbwe. Madini hayo huoza polepole, na katika kuoza huzaa mengine: urani huja kuzaa radiamu, na radiamu huzaa radoni, ambayo ni gesi. Maji yanayokaa ndani ya mwamba kwa muda mrefu hubeba sehemu ya uzao huo, na pampu ikiyavuta, huja nao juu. Hauna rangi, hauna harufu, hauna ladha. Ukichemsha maji, radoni itatoka na mvuke, lakini urani na radiamu zitabaki ndani ya sufuria, tena nyingi zaidi katika kila kikombe kwa sababu maji yamepungua. Dawa ya klorini haizigusi.

Nilikuja kulielewa jambo hili nikiwa nimeshafanya kazi miaka mingi, na njia yangu ilianzia Habaswein, Kaunti ya Wajir. Pampu ilikuwa imevuta usiku kucha ili kupima nguvu ya kisima kipya. Asubuhi mzee mmoja akafika na ngamia wake, akakinga maji kwa kiganja, akayazungusha mdomoni, akameza.

“Haya ni maji,” akasema. “Ya kile kisima cha kwanza yalikuwa dawa ya kuharisha.”

“Subiri kidogo, mzee, nimalize kupima.”

“Mama, ulimi wangu ulianza kupima kabla wewe hujazaliwa.”

Sikumbishia. Katika nchi ile ulimi ndio maabara ya kwanza, na umewavusha watu vizazi kwa vizazi. Hifadhi ya maji ya ardhini inayoitwa Merti hufuata bonde la Ewaso Nyiro hadi ndani ya Somalia, nayo ndiyo iliyonywesha pia kambi za wakimbizi za Dadaab. Katikati yake maji ni matamu, na ukisogea pembeni chumvi inazidi. Kwa hiyo kila mtu huko anaogopa chumvi, na mimi niliyetoka na chupa na vipimo vyangu niliiogopa vivyo hivyo. Chumvi ikiwa chini, moyo wangu ulitulia. Kisima cha mzee yule kilikuwa na chumvi kidogo, floridi kidogo, na hakuna kijidudu hata kimoja. Nikapiga muhuri.

Kisha, mwaka 2009, kijana mmoja tuliyefanya naye kazi akaniletea makala iliyotoka mwaka huohuo. Ilihusu Disi, kusini mwa Jordan, karibu na mpaka wa Saudi Arabia. Chini ya jangwa lile kuna mwamba wa mchanga ulioshikamana, umejaa maji ya mvua iliyonyesha maelfu ya miaka iliyopita, enzi ambazo jangwa halikuwa jangwa. Maji hayo hayana chumvi nyingi. Kwa ulimi wa mzee wa Habaswein yangekuwa neema tupu. Jordan ilikuwa inajiandaa kuyapeleka mji mkuu, Amman, kwa bomba la kilomita 325, kiasi cha mita za ujazo milioni 100 kila mwaka. Mtaalamu Avner Vengosh wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, pamoja na wenzake walipima visima 37 vya eneo hilo. Karibu vyote vilikuwa na radiamu kupita viwango vya kimataifa vya maji ya kunywa, na baadhi vilipita kwa takriban mara 20.

Nilisoma mara mbili sehemu inayoeleza sababu, maana ilibomoa jambo nililolishika kama imani. Kwa kawaida radiamu hujaa katika maji ya chumvi, au maji yasiyo na hewa ya oksijeni. Maji ya Disi hayakuwa na chumvi hiyo, na hewa yalikuwa nayo. Kilichokosekana ni udongo wa mfinyanzi. Mwamba wenye mfinyanzi na kutu ya chuma huishika radiamu, huigandisha ukutani, na maji hupita yakiwa mepesi. Mwamba wa Disi ni mchanga mtupu, hauna cha kuishikia. Radiamu inazaliwa, inabaki ndani ya maji, na maji yanabaki matamu. Kumbe utamu wa maji haukuwa ushahidi wa chochote, nami nilikuwa nimeutegemea nusu ya maisha yangu ya kazi.

Sisemi kwamba maji ya Merti yana radiamu. Nasema fomu yangu haikuuliza.

Hapa Mumias mtu anaweza kuona ni mambo ya wengine. Kwetu mvua hainyimi. Mama yangu alichota maji kwenye chemchemi iliyo chini ya shamba la miwa, upande wa kushukia Mto Lusumu, na maji yale yalikuwa mvua ya juzi tu: yamepenya kwenye udongo, yamepumzika kidogo, yametoka. Hayakupata nafasi ya kuishi na mwamba. Nchi kavu ni kinyume. Mvua inayoingia ardhini ni kidogo mno, maji yaliyoko yamekaa karne, na kwa kuwa mito na chemchemi ni haba, watu hulazimika kuchimba chini zaidi na kunywa kisima kimoja mwaka mzima, miaka yote. Maji mengine hayapo ya kuyapunguza makali. Jua nalo hufanya kazi yake. Nenda Bahi na Manyoni, katikati ya Tanzania: huko maji yameosha urani kutoka kwenye miamba ya graniti kwa muda mrefu mno, yakaishusha kwenye mbuga zisizo na pa kutokea, jua likakausha maji na urani ikabaki. Imejikusanya mita chache tu chini ya ardhi hata kampuni za madini zikaja kuitafuta. Na kandokando ya mbuga hizo watu wanalima mpunga, wanachunga, wanachimba visima.

Lakini na sisi wa Mumias tusilale sana. Mji huu umekalia graniti. Wanajiolojia wana jina kabisa la mwamba wetu, wanauita graniti ya Mumias, na jirani yake ni graniti ya Maragoli. Yale majabali yanayochungulia kwenye mashamba ya jirani zetu ni vichwa vyake. Graniti ni miongoni mwa miamba yenye urani nyingi kuliko kawaida. Chemchemi zetu za juujuu ni habari moja, kisima cha mita mia moja kilichotoboa jabali ni habari nyingine. Na siku hizi kila shule, kila kanisa, kila msikiti na kila mgombea anachimba kisima kirefu.

Hapa kuna jambo ambalo hunigusa kila nipitapo kwenye pampu za mkono za zamani. Kuanzia mwaka 1981 Kenya na Finland zilishirikiana kuleta maji katika uliokuwa mkoa wa Magharibi, mradi tuliouita KEFINCO. Walijenga visima vya pampu na kukinga chemchemi Kakamega, Bungoma na Busia. Pampu nyingine zilikuwa za Nira, zilizotengenezwa kwao. Nilikuwa msichana wakati ule, na moja ya pampu hizo ndiyo iliyonifanya nipende kazi ya maji. Miaka mingi baadaye ndipo nikajifunza kwamba Finland nayo imekaa juu ya graniti, na kwamba visima vyao virefu ni miongoni mwa vyenye radoni na urani nyingi zaidi duniani. Mamlaka yao ya usalama wa mionzi, STUK, imepima maelfu ya visima vya watu binafsi, na mwenye kisima huambiwa wazi: radoni ikizidi bekereli 1,000 kwa lita, tafuta njia ya kuipunguza. Bekereli moja ni kiini kimoja kinachooza kila sekunde. Nchi ya baridi, yenye maziwa kila upande, inapima. Sisi tuliopokea pampu hatukupokea na desturi hiyo.

Hatuwezi kusema hatuna wataalamu. Mwaka 1998 wanasayansi Otwoma na Mustapha walichapisha vipimo vya radoni katika maji ya ardhini ya Kenya, kazi iliyofanywa na kusomwa na wanasayansi wenzao. Kilima cha Mrima kule Kwale, kaya ya Wadigo, kinajulikana tangu zamani kwa thoriamu iliyo udongoni, na mionzi yake ya asili imepimwa. Homa Hills, ng'ambo ya ghuba kusini mwetu, ni mwamba wa jamii hiyohiyo, nao umepimwa. Tororo, hapo tu ng'ambo ya mpaka, kuna vilima vya Sukulu vya jamii hiyo pia. Maarifa yapo, yamelala maktabani. Hayajashuka hadi kwenye fomu anayojaza msichana wa maabara akiwa ameketi juu ya boneti ya gari huko Wajir.

Niliwahi kuuliza. Baada ya kusoma habari za Disi nilimwendea mkubwa wangu nikamwomba tupeleke hata sampuli kumi tu zikapimwe. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniambia nisijitafutie kazi, na kwamba jambo lisilo kwenye fomu halina bajeti. Sikumchukia. Alisema kweli: lisilo kwenye fomu halina bajeti. Kwa hiyo nililoliacha ndilo ninalolidai sasa, liingie kwenye fomu.

Kwa nini floridi ina mstari wake na mionzi haina? Nimelifikiria hili sana. Floridi inaonekana. Mtoto wa Bonde la Ufa akicheka, meno yake ya kahawia yanakuambia maji ya kwao yana nini, na kwa sababu hiyo watu wa Nakuru walitengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa, na watu wa Arusha wakafanya utafiti wao Ngurdoto. Radiamu haikai kwenye tabasamu. Mwili huidhania kuwa chokaa ukaipeleka mifupani, na huko inapiga chembe zake kimyakimya. Hatujifunzi hili leo. Miaka ya 1920 wanawake wa viwanda vya saa huko New Jersey, waliokuwa wakichora namba kwa rangi ya radiamu na kulainisha brashi kwa midomo, walioza mataya na kupata saratani za mifupa. Wao walimeza nyingi kupita kiasi, na maji ya kisima hayafiki huko. Ila walituachia ushahidi wa mahali radiamu inakokwenda ikishamezwa. Urani nayo huumiza figo, na hapo sumu yake kama metali hutangulia hata mionzi yake. Mgonjwa wa figo wa Mandera akifika hospitali, nani atamwuliza kisima chake kina mwamba gani?

Kuna sababu nyingine, na hii ndiyo inayoniuma zaidi. Mwamba hauna wa kushtakiwa. Wakazi wa Kargi, pembezoni mwa jangwa la Chalbi kule Marsabit, wamelalamika kwa miaka mingi kwamba saratani imewazidi, na wanaamini chanzo ni taka zilizofukiwa na watafuta mafuta wa miaka ya 1980. Wana haki ya kujibiwa, na swali lao lijibiwe kwa vipimo. Lakini tazama jinsi tulivyo: tukihisi kuna mtu aliyefukia sumu, magazeti yanaandika, wabunge wanasimama. Tukiambiwa huenda ardhi yenyewe ndiyo iliyoweka kitu majini, hamu inatuisha. Na mahali pasipo na namba, uvumi huingia ukakaa. Nimeona kijiji kikiacha kisima kizuri kwa sababu ya uvumi, watu wakarudi kunywa maji ya bwawa pamoja na punda.

Ninaposema ukimya wa fomu ni hatari, nina mfano, nao ni Bangladesh. Miaka ya 1970 watoto walikuwa wanakufa kwa maji machafu ya madimbwi, mashirika yakasaidia kuchimba visima vya bomba kwa mamilioni. Maji yakapimwa vijidudu, yakaonekana safi. Hayakupimwa aseniki, ambayo ilikuwa ndani ya mchanga wa delta tangu asili. Miaka ya 1990 ndipo ilipofahamika watu makumi ya mamilioni walikuwa wakiinywa. Wanajiolojia wa Uingereza walikuwa wamefanya uchunguzi wa maji ya nchi hiyo mwaka 1992, wakapima vitu vingi, aseniki haikuwemo. Mwananchi mmoja aliyeugua aliwashtaki. Kesi ikafika ngazi ya juu kabisa ya sheria Uingereza, na mwaka 2006 akashindwa. Ripoti haikuwahi kudai kwamba aseniki ilipimwa, na wanajiolojia hao hawakuwa na wajibu wa kisheria kwake. Mimi si mwanasheria. Ila niliposoma hukumu ile nililiona sanduku langu la bati. Fomu zangu zote hazikuwahi kudai kitu kuhusu radiamu. Kisheria nimesalimika. Mzee wa Habaswein hakusoma fomu. Aliuona muhuri akanywa.

Najua nitakayojibiwa, kwa sababu nimeshajibiwa barazani, sokoni Shibale, na hata na mdogo wangu mezani kwangu. Utawatisha watu bure, na hawana maji mengine.

Hoja hii ina uzito na siipuuzi. Kipindupindu huua kwa siku mbili. Radiamu, pale ilipo, hufanya kazi kwa miaka makumi. Mama anayetembea kilomita kumi na mtungi wa lita ishirini mgongoni, ukimfungia kisima kwa ajili ya bekereli ukamrudisha kwenye bwawa la matope, umemuua mtoto wake kwa jina la kumlinda. Sisi wa hapa tunajua thamani ya maji yasiyo na vijidudu, maana imepimwa kwetu. Michael Kremer, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, na wenzake walifuatilia chemchemi za Busia na za iliyokuwa wilaya ya Butere-Mumias, nyingine zimekingwa kwa zege, nyingine bado. Pale zilipokingwa, kuharisha kwa watoto kulipungua kwa karibu robo. Robo nzima, kwa saruji, mawe na bomba fupi. Kwa hiyo sitaki kisima chochote kifungwe kwa sababu ya makala hii, na mtu asiache kunywa maji ya pampu yake leo.

Lakini kupima si kufunga. Jordan haikuiacha Disi. Bomba lilikamilika mwaka 2013 na Amman inakunywa, kwa mpango wa kuyachanganya maji hayo na mengine ili radiamu ishuke. Kuchanganya ni dawa, tena rahisi kuliko zote pale penye visima viwili. Radoni inaondoka maji yakirushwa hewani na kuachwa kwenye tangi lenye matundu kabla ya kunywewa. Mitambo ya kuondoa chumvi ambayo tayari imefungwa miji kadhaa ya kaskazini huondoa radiamu na urani pia, mradi mtu akumbuke kwamba zile taka za chumvi zinazobaki sasa zinabeba kila kilichoondolewa, zisimwagwe penye mifugo. Na Bangladesh, baada ya maafa, ilifanya jambo ninalolipenda kwa wepesi wake: walipita kisima kwa kisima, karibu milioni 5, wakapima na kupaka rangi mdomo wa pampu. Nyekundu, usinywe, fulia na kuogea. Kijani, kunywa. Mama asiyejua kusoma alielewa. Hawakuwa na maji mengine nao. Walichopata ni kujua pampu ipi ni ya sufuria na ipi ni ya ndoo ya kufulia, na jirani mwenye kijani akaanza kupokea wageni.

Gharama? Chimba kisima kimoja kirefu uone mamilioni yanavyokwenda. Kipimo cha kwanza cha mionzi ni kazi ndogo. Unachukua maji, unayakausha polepole mpaka ubaki ukoko mwembamba kwenye kisahani cha chuma, unakiweka ndani ya mashine, unaiacha ihesabu kwa saa kadhaa. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa kuanzia: mionzi ya alfa isizidi nusu bekereli kwa lita, ya beta isizidi bekereli moja. Ikiwa chini, unaandika namba na kazi imeisha. Ikizidi, hapo ndipo unaitafuta radiamu na urani zenyewe, na urani ina kikomo chake cha mikrogramu 30 kwa lita. Visima vingi vitapita bila shida, na hilo nalo ni jambo la kumwambia mwananchi kwa sauti.

Na mashine zipo. Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, hutoa vyeti vya mionzi kwa shehena za chakula zinazoingia na kutoka nchini. Tanzania nako Tume ya Nguvu za Atomiki hufanya hivyohivyo. Maziwa ya unga yakifika bandarini Mombasa yanaweza kuulizwa kama yana mionzi. Maji ambayo mtoto wa Wajir atayakorogea maziwa hayo hayaulizwi. Nimeishi na jambo hili miaka mingi na bado linanikosesha usingizi.

Basi ninachotaka ni kidogo. Kaunti ndizo zenye kazi ya maji tangu ugatuzi wa 2013; fomu ya kila kisima kirefu kipya iwe na mstari wa alfa na mstari wa beta, na kisima kisipokelewe kutoka kwa mkandarasi kabla mistari hiyo haijajazwa. Tuanze na Wajir, Mandera, Garissa, Marsabit, Isiolo na Turkana, kwa sababu huko watu hawana mvua ya kuwasahihishia makosa. Visima vya zamani vipimwe kwa zamu, vya shule na hospitali kwanza. Matokeo yaandikwe kwa rangi ukutani mwa kioski cha maji, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, yasilale kwenye faili la mhandisi. Na kipimo kilipwe na anayechimba, si na mama mwenye mtungi.

Juma lililopita nilikwenda shule moja upande wa Matungu, ambako kisima kimetobolewa ndani ya jabali na pampu ya sola imeanza kuvuta. Mwalimu mkuu alinipokea vizuri. Nikamweleza, akaniuliza swali moja tu: “Shangazi, ukikuta kitu utatufungia?” Nikamwambia sina muhuri tena, nina chupa mbili tu. Tuliacha maji yatiririke nusu saa ili tusichukue yaliyolala bombani. Ya kwanza nikaitia asidi matone machache ili metali zisigande kwenye kuta za chupa. Ya pili nikaijaza hadi mdomoni, nikaifunga ikiwa ndani ya ndoo ya maji, isibaki hata tone la hewa, maana radoni ikipata hewa inakimbia, na hata isipokimbia hupungua nusu kila baada ya siku nne kasoro. Nikabandika karatasi: jina la kisima, kina, tarehe, saa, jina langu. Jioni nikamkabidhi mpwa wangu anayesafiri na basi la usiku kwenda Nairobi, nikamsihi chupa ya pili aifikishe maabara asubuhi ileile kabla ya kunywa chai.

Karatasi ya majibu nimeshaipigia mistari kwa rula. Ni fomu yangu ileile ya zamani, na chini ya vijidudu vya kinyesi nimeongeza miwili kwa kalamu nyekundu.